Ulikuja na Chumvi

Miono,
22 Aprili 2024

Kaka Bwanausi,

Assalaam alaykum. Shikamoo. Hiyo shikamoo naiandika kwa sababu mama alituzoesha, na mama hausiki na haya nitakayoyasema.

Huku hatujambo. Mvua ya mwaka huu imegoma kukatika, mananasi ya bondeni yameozea shambani, na gari la Majaliwa, anayekuletea barua hii, limenasa kwenye tope mara mbili wiki hii. Barua ikikufikia na udongo usishangae, ni udongo wa kwenu. Magoti yananiuma asubuhi, jua likitoka yanatulia. Ng'ombe wangu Subira ana mimba, Mungu akijaalia atazaa mwezi wa tisa. Wifi yangu Sabiha mpe salamu zote nilizomtumia, usimpunguzie hata moja. Yeye sina ugomvi naye.

Ugomvi ninao na wewe.

Simu sikutaka kupiga. Kwenye simu wewe hukatiza watu, ubwana mifugo umekuzoesha kuhutubia wanakijiji wakikaa kimya. Karatasi huwezi kuikatiza. Utaisoma mpaka mwisho, na ukitaka kubisha utabisha na ukuta.

Siku ya Idd mwanao Lulu alituma picha kwenye grupu la ukoo. Baba yake kasimama mbele ya kibanda Mapinga, kanzu nyeupe, aiskrimu mkononi, na nyuma yake ubao mkubwa umechorwa ng'ombe anatokwa na machozi. Nikaipanua picha kwa vidole mpaka nikasoma maneno yote. "Mama huyu alifiwa na ndama wake. Tulimchuna ndama, tukamjaza majani, tukamweka mbele ya mama ili aachie maziwa. Akailamba ngozi ya mwanawe miezi minne. Tamutamu zetu ni za nazi. Hakuna mama aliyelizwa." Na pembeni umechora mwanamke kachuchumaa anakamua, kajifunga kanga ya kisutu kifuani.

Ukoo mzima ukaweka mioyo na vidole gumba. Mimi nikajitoa kwenye grupu. Kesho yake nilipopeleka maziwa, Mwajabu jirani yangu akaniuliza mbele ya watu, "Bi Sikuzani, yule ng'ombe wa kwenye picha si Tausi wako yule?" Anajua. Miono nzima inajua. Ngozi ya ndama imejazwa majani mara moja tu kijiji hiki, na ilijazwa uani kwangu.

Sasa nikuulize. Tausi alimleta nani Miono? Nani alisimama kwenye uwanja wa shule akatuambia maziwa ndiyo afya ya watoto wetu, na kwamba ndama akiachwa pamoja na mamake ni hasara? Nani alinishika mkono akanionyesha fundo la kumfunga ndama lisilofunguka? Umetufunga kamba sote, na leo umevaa kanzu unatuita makatili.

Na kisutu umekichora kwa nini?

Ninalotaka ni moja. Ushushe ubao huo. Uza tamutamu zako mpaka Bunju, lakini ubao ushuke.

Ni mimi mdogo wako,
Sikuzani


Mapinga,
9 Mei 2024

Kwa Bi Sikuzani, Miono

YAH: UBAO WA BIASHARA

Wa alaykum salaam, na marahaba. Barua yako ya tarehe 22 mwezi uliopita nimeipokea kwa mkono wa Majaliwa, ikiwa na udongo kama ulivyoarifu.

Sisi ni wazima. Presha yangu inapanda na kushuka, na daktari amenikataza chumvi, kwa hiyo nakula vyakula visivyo na ladha kama mgonjwa wa wodini. Wifi yako anakusalimu sana. Viwanja vyote vya jirani vimeuzwa, watu wa mjini wanajenga kwa kasi, na watoto wao ndio wateja wetu wakubwa.

Nikijibu hoja zako kwa mpangilio. Kwanza, ni kweli Tausi nilimleta mimi. Sijakana. Miaka thelathini na moja nimewatenga ndama na mama zao nikaita kazi hiyo maendeleo, na cheti cha utumishi bora ninacho ukutani. Nilipostaafu nikakosa la kufanya, nikaanza kuyasikia niliyokuwa siyasikii wakati ule. Siku hizi mtu akinipa chai ya maziwa siimalizi. Ndipo mimi na Sabiha tukaanza aiskrimu ya tui, kashata, na visheti vya kukandwa kwa tui. Kila Ijumaa shule zikifunga mapema wazazi wanakuja na watoto. Kabla sijawauzia nawaeleza kwa nini hakuna maziwa humu. Wengine wanacheka. Wengi wanasikiliza. Wiki iliyopita mtoto wa miaka sita alimwambia baba yake, "Mimi sitaki tena ya kumwibia ndama." Sikuzani, siku ile nilifurahi kuliko siku niliyopewa cheti.

Pili, sikukutaja jina. Ubao unamhusu ng'ombe.

Tatu, kisutu ni rangi tu. Nyekundu inaonekana tangu barabarani.

Nne, nilichokiandika nilikiona. Mwaka ule nilipokuja kukuhani msiba wako, ndipo nilipoyashuhudia ya Tausi, na huruma ile ndiyo iliyonifikisha hapa nilipo. Mtu hawezi kulaumiwa kwa kusema kweli aliyoiona.

Kwa hiyo ubao hautashuka. Nakuomba upoe. Hasira ni hasara, na wewe tangu utoto una moto wa makuti.

Wako katika ukoo,
Bwanausi


Miono,
15 Mei 2024

Kaka,

Shikamoo. Tumeamka salama. Mvua imepungua. Hizo ndizo habari, hakuna nyingine.

"Nilipokuja kukuhani." Nimelisoma neno hilo nikaiweka barua chini, nikaenda kukata majani ya ng'ombe, nikarudi, nikalikuta bado lipo.

Moto wa makuti? Moto wa makuti huwaka ukazimika. Wangu umekaa miaka kumi na sita chini ya jivu, wewe ndiye uliyekuja kuufukua kwa ubao wa rangi.

Tena usijifanye umegundua dunia. Bibi yetu alipika mkate wa kumimina kwa tui, vitumbua kwa tui, mpaka uji wa futari kwa tui, na hakuna mama wa mnyama yeyote aliyelia jikoni kwake. Hakuandika ubao. Hakuwasimamisha wazazi njiani akawahutubia. Aliita watoto, "Njooni mle," basi.

Na kwa kuwa wewe ni mtaalamu, nikueleze jambo usilolijua. Lile somo lako la kumtenga ndama nililiacha mwaka ule ule. Ng'ombe wangu wote tangu Tausi, chuchu mbili zangu, mbili za ndama, na ndama ndiye anayetangulia. Ulipokuwa ukija kukagua nilikuwa namfunga kwa saa moja ili usiniandike vibaya kwenye ripoti yako. Ukishapanda pikipiki nafungua. Huruma hiyo unayoiuza kwenye kikombe mimi nilikuwa naificha nisiadhibiwe na wewe.

Sasa sitaki hoja ya kwanza mpaka ya nne. Nina swali moja. Siku ile ulipoingia uani kwangu, kwenye mfuko ulibeba nini?

Nijibu hilo. Usinijibu jingine.

Sikuzani


Mapinga,
24 Juni 2024

Mpendwa dada yangu Sikuzani,

Idd mubarak, ingawa Idd imekwishapita wiki nzima. Nimechelewa kujibu, mambo yalikuwa mengi. Natumaini mlichinja salama. Sisi tulikula wali wa nazi na maharage. Wageni walinung'unika kidogo, kisha wakaongeza. Sabiha ana mafua. Lulu amehamia kwa mumewe Kibaha.

Nakutumia kwa Majaliwa vikombe vinne vya aiskrimu ya tui ndani ya boksi la barafu. Uonje kabla hujahukumu. Ukionja utaelewa ninachokipigania.

Kuna habari njema. Mwalimu mkuu wa shule moja ya Bagamoyo aliona ubao wetu akipita. Ametuomba tuweke mwingine kwenye lango lao, na Maulidi tutagawa tamutamu kwa familia zote za wanafunzi. Pia tumeagiza vikombe vya karatasi. Picha ile ile itachapwa kwenye kila kikombe, ng'ombe upande mmoja na mwanamke upande wa pili. Vitatoka kabla ya Maulidi, inshallah. Mtoto anayeshika kikombe hicho hatasahau.

Nimefurahi kusikia habari ya chuchu mbili. Ungeniambia wakati ule nisingekuandika vibaya.

Kuhusu mfuko, ni miaka mingi, Sikuzani. Mtu wa kazi hubeba vitu vingi.

Kaka yako,
Bwanausi


Miono,
3 Julai 2024

Bwanausi,

Leo shikamoo sijaandika. Ukiihitaji isome ile ya barua ya kwanza.

Aiskrimu yako ilifika uji. Niliionja hivyo hivyo. Tui ni la kukamua mara ya tatu, mpaka nazi unaionea. Mwambie wifi atumie tui la kwanza, na atie chumvi kidogo, utamu ujitokeze. Hayo nayasema kwa sababu ya Sabiha.

Umesahau mfuko. Kumbe kichwa chako kinakumbuka ng'ombe alilamba miezi mingapi, kinakumbuka rangi ya kanga ya mwanamke, lakini mfuko kimesahau. Basi ngoja nikukumbushe, na hii ni mara ya kwanza na ya mwisho.

Mwaka 2008, mwezi wa saba, nilijifungua mtoto wa kiume. Nilikuwa na miaka arobaini na moja. Watu walikuwa wameshaacha kuniuliza. Wiki ile ile Tausi naye akazaa, na mume wangu Mbaruku, Mungu amrehemu, akawa anapita kibarazani anawaambia watu nyumba yake ina wazazi wawili.

Mtoto wangu alikufa siku ya thelathini na nane. Homa ya siku mbili tu. Zilikuwa zimebaki siku mbili nitoke arobaini, na kanga mpya za kutokea zilikuwa zimekunjwa juu ya sanduku. Mbaruku alikupigia simu. Ukamwambia uko kwenye semina Mbegani, utakuja kesho. Wakazika. Watu wakauliza mjomba wake yuko wapi, Mbaruku akajibu yuko njiani. Nilimsikia akikudanganyia, nikiwa ndani. Kesho yake hukuja. Hitima ya siku ya tatu ikasomwa, hukuja. Mbegani na Miono si safari ya kuhiji, Bwanausi.

Siku ya tano ndama wa Tausi akavimba tumbo akafa. Tausi akazuia maziwa. Mbaruku akakupigia simu ya pili, hii ya ng'ombe. Ulifika siku ile ile kabla ya alasiri, na pikipiki ya mradi, na kisu, na mfuko. Ndani ya mfuko mlikuwa na chumvi. Kilo mbili. Umekumbuka sasa?

Hukuvua viatu. Hukuingia ndani. Nilikuwa nimesimama mlangoni nikingoja unipe pole, na neno la kwanza ulilosema ni "Ndama yuko wapi?"

Ukamchuna. Ukamjaza majani makavu, ukamshona kwa uzi wa gunia, ukampaka chumvi mgongo mzima ili mamake alambe. Kisha ukaniita. "Sikuzani, njoo ukamue, mkono wako anaujua." Nikaja, kwa sababu kaka mkubwa akiita mtu huenda. Maziwa yangu yalikuwa hayajakauka. Wanawake walikuwa wamenifunga kisutu kifuani kuyabana, kikaze mpaka yakate. Nikachuchumaa. Tausi akanusa ile ngozi, akaanza kuilamba, akaachia maziwa. Na mimi, Bwanausi, yangu yakaachia. Pale pale, mbele yako, kisutu kikalowa mpaka tumboni. Ukaona. Najua uliona kwa sababu uligeuza uso. Ukamwangalia ng'ombe, ukasema, "Vizuri, anatoa."

Ukafunga kisu chako ukaondoka.

Miezi minne nilichuchumaa pale asubuhi na jioni, huku Tausi akilamba majani na mimi nikilia. Wewe uliandika ripoti kwamba njia imefanikiwa.

Leo unaniambia kisutu ni rangi inayoonekana tangu barabarani. Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Kwako wewe ni kinyume, mnyama akichomwa unalia, dada yako akichomwa unamchora. Ulimhurumia Tausi mwaka ule ukamletea chumvi. Umemhurumia tena mwaka huu ukamletea ubao. Mimi zamu yangu lini?

Sikukatazi kuwafundisha watu huruma. Wafundishe. Ndama wana haki yao, mimi nilijua hilo kabla yako. Lakini mwanamke yule hukumnunua, wala hukumwomba ruhusa, na sasa unataka kila mtoto wa Bagamoyo amshike mkononi, akimaliza kulamba amtupe mtaroni.

Vikombe hivyo vikitoka, mimi na wewe tumemalizana. Usinihesabu kwenye Maulidi wala kwenye ukoo. Na siku nikifa usije. Utachelewa tu.

Na jina la mtoto hujawahi kuliuliza. Miaka kumi na sita.

Sikuzani


Mapinga,
29 Agosti 2024

Dada,

Assalaam alaykum.

Barua yako niliipata tarehe 6 Julai. Sijaugua na sikusafiri. Kila siku nilikaa nikaandika "Yah", nikakosa la kuandika mbele yake, nikachana. Majaliwa aliniuliza mara tatu kama kuna mzigo wa Miono, nikamwambia hakuna. Nadhani alikuona unavyosimama barabarani gari likipita, kwa sababu mara ya tatu hakuaga.

Ilikuwa chumvi. Kilo mbili. Nilinunua Msata nikiwa njiani. Muuza duka aliniuliza nina shughuli gani, nikamwambia nakwenda kwa dada yangu.

Sikuisahau hata siku moja. Nilikudanganya.

Unauliza kwa nini sikuja kuzika. Semina ilikuwa ya siku mbili na ningepewa ruhusa nikiomba. Sikuomba. Mbaruku aliponiambia mtoto amefariki nilisema kesho kwa sababu sikujua nikifika nitasema nini. Wewe ulikuwa umemngoja mtoto huyo miaka kumi na tisa. Kesho ikawa kesho. Nikaona aibu ya kuchelewa, na aibu ikanichelewesha zaidi. Simu ya ng'ombe ilipokuja nilishukuru, Sikuzani. Mungu anisamehe, nilishukuru. Ng'ombe nilijua la kumfanya. Wewe sikujua.

Nilikuona mlangoni. Nilikiona kisutu. Nimekuwa nikikiona tangu siku ile, na nilipostaafu ndipo kikaanza kunikalisha chini. Nikashindwa kukuandikia wewe, nikauandikia ubao. Nilidhani nikiwafundisha watoto wa watu wamhurumie Tausi nitakuwa nimelipa. Sabiha alisoma barua yako, akasema, "Umewaomba radhi ng'ombe wote wa Tanzania." Kisha akaingia jikoni, na mpaka leo ananijibu kwa maneno mawili matatu tu.

Ubao umeshuka tangu Julai. Ule wa shuleni sikuuweka. Vikombe vilivyokwisha chapwa Sabiha amewashia moto wa mkaa, na vipya havitakuwa na picha. Wateja wameuliza. Niliwaambia picha ile haikuwa yangu. Mama mmoja akadhani nimemwibia mchoraji, nikamwacha adhani hivyo. Tamutamu bado tunauza na maneno yangu kuhusu ndama bado nayasema, hayo sitayaacha. Ila nayasema kwa mdomo wangu, juu ya mikono yangu mwenyewe, kwamba ni mimi niliyekuwa nafunga kamba.

Chumvi tumeanza kutia. Ulisema kweli, utamu umejitokeza.

Ubao wenyewe nakutumia kwa Majaliwa. Si wangu kuuchoma. Ufanye utakavyo.

Jina la mtoto silijui. Sabiha analijua, nimemwomba asinitajie. Nataka nilisikie kwako, ukinikubalia.

Nisamehe. Neno hili nimeliandika mwisho kwa sababu kila nilipolianza mwanzo niliendelea na mengine nikalipita.

Bwanausi


Miono,
20 Septemba 2024

Kaka,

Wa alaykum salaam.

Maulidi yalisomwa vizuri. Kiangazi kimeingia, majani ni ya kutafuta mbali, na magoti yamejua hilo. Subira amezaa tarehe 11, ndama dume, mweusi na doa jeupe kwenye kipaji cha uso. Mwajabu ameniambia dume halina faida, nimuuze mapema. Nimemwambia hata waume zetu hawakuwa na faida na tuliwalea. Amecheka mpaka akakaa chini.

Ubao umefika. Majaliwa aliushusha akauegemeza ukutani akasimama, anataka kuona nitafanya nini. Nilimfukuza. Nilikaa mbele yake kutwa nzima, nikausoma upya. Halafu nikachukua mbuzi ya nazi nikamkwangua yule mwanamke, kisutu na yeye, mpaka mbao ikaonekana. Nilitumia muda mrefu, rangi yako ni nzuri. Ng'ombe nimemwacha. Tausi hakuwa na kosa. Fundi ameupunguza kipimo, sasa ni mlango wa zizi, wa kuzuia mbwa. Ndama analala ndani na mamake.

Hasira bado ninayo. Usidhani barua moja inafuta miaka kumi na sita, hata ikiwa haina "Yah". Nilipofika pale uliposema ulishukuru kwa simu ya ng'ombe, niliikunja nikataka kuitia motoni. Nikaikunjua. Ni la kuudhi kuliko yote uliyoniandikia, na ndilo la kwanza nililoliamini.

Jina lake sitaliandika kwenye karatasi inayopita mikononi mwa Majaliwa. Nitalitamka, na wewe utakuwa umesimama mbele yangu.

Kwa hiyo uje. Ijumaa ya kwanza ya mwezi wa kumi. Gari la Majaliwa likiteremka na mananasi wiki hiyo, muulize kama ana nafasi akirudi. Usilete aiskrimu, itafika uji. Usilete mfuko wowote. Uje na mikono mitupu, nikuone unavyokaa bila kazi.

Shikamoo yako iko huku, sijaituma. Utaipata ukifika, ila si mlangoni.

Ukishuka garini usiulize habari za ng'ombe. Nenda moja kwa moja nyuma ya shamba la mihogo, kwenye makaburi yetu, nitakuwa nimetangulia. Hapo nitakutajia jina na utamwombea dua kwa jina lake, wewe mjomba wake. Ukimaliza tutarudi nyumbani. Uvue viatu, uingie ndani, ukae, unipe pole ya mwaka 2008. Nitakupikia chai ya rangi. Zizini tutakwenda mwisho, kama bado kutakuwa na mwanga.

Dada yako,
Sikuzani